Aliyeitika Siku ya Mshahara

Abdin, Kairo
18 Novemba 1993

Shangazi yangu Dahiba,

Nakubusu mkono na kichwa. Sisi huku wazima, ila mama magoti yanamtesa, na ngazi za nyumba hii zinamtoa maneno ambayo hakuyasema hata siku ile serikali ilipotupakia melini kututoa kijiji chetu cha Dessi kabla ya maji ya bwawa kukizamisha. Kaka yangu Bashari amepata mtoto wa kike. Walitaka kumpa jina la mwigizaji wa televisheni, mama akagoma kula mpaka wakamwita Dahiba. Basi una wajina, na analia kama wewe ukigombana na muuza samaki. Tende zimefika, zimekwisha.

Najua arubaini ya mwanao Shadhili imepita na wewe hukuifanya. Watu wa kwetu hapa Abdin wameniuliza, nikawaambia sijui. Kweli sijui.

Leo nakuandikia jambo la kazi, na nakuomba usilisome kwa hasira. Tangu mashua ya taasisi yetu ilipopinduka ziwani mwezi wa Septemba, Hani yule kijana mtafiti wa samaki akaokotwa kwenye mawe amekufa, na mwanao aliyekuwa akiiendesha asionekane, mimi nimekalia kiti cha miiba. Kama ujuavyo, mimi ndiye mkuu wa idara ya uhasibu. Mishahara ya wote inapita mkononi mwangu, hata ya manahodha wa huko kituoni horini. Aliyekufa tunawalipa warithi wake. Aliyeacha kazi tunamfuta. Aliyepotea hatuna mahali pa kumweka. Kwa hiyo jina la Shadhili bado limo, na kila mwisho wa mwezi keshia wetu Fathi anapanda treni na mkoba wake, anafika kituoni, anaita majina ya manahodha mmoja mmoja, na la Shadhili analiita, maana kanuni inataka jina lililomo liitwe. Kisha ananirudishia bahasha, nami naifungia kwenye sefu.

Taasisi yetu haifanyi biashara, Shangazi. Inaishi kwa wafadhili, na wafadhili wanauliza ni nani huyu anayelipwa na hapokei. Mwanasheria anasema ukienda mbele ya hakimu ukakiri kwamba mwanao amekufa maji, hukumu itatoka na haki zake zote utapewa wewe. Karatasi nimeiweka humu. Sahihi yako inakwenda chini, upande wa kulia.

Niwie radhi.

Binti wa kaka yako,
Nabra


Nasr an-Nuba
5 Desemba 1993

Nabra binti wa kaka yangu,

Salamu zimefika, na huo mkono uliobusu unanuka vitunguu, nilikuwa jikoni. Mwambie mama yako ngazi hazina kosa, kosa ni kwenda kuishi juu kama njiwa. Huyo mtoto wajina wangu mfungeni kitu chekundu, maana mtoto anayelia sana anasikiwa na wengi. Hapa ukuta wa nyuma umepasuka tena. Fundi kasema ni udongo. Miaka thelathini wanasema ni udongo.

Wanawake walikuja na sahani ya pipi na hina, wanataka nikaimwage majini ili watu wa mtoni, wale wakaao chini ya maji, waturudishie maiti. Nikawauliza, mto gani? Hapa kuna mfereji wa kumwagilia miwa. Watu wa mtoni hawakupakiwa melini pamoja nasi. Wakaondoka wamenuna, na pipi wamekula wenyewe njiani.

Karatasi yako nimeisoma. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, wakati mume wangu alipokuwa mpishi Iskandaria, kwa sababu sikutaka mke wa mwalimu ajue yaliyomo kwenye barua zangu. Kwa hiyo usidhani sikuelewa. Nimeelewa, na sitii sahihi. Mimi maiti sijaiosha wala sijaiona. Hakimu wako anataka nimzike mwanangu kwa kalamu.

Na jingine, nalisema leo kisha silirudii. Ilikuwapo karatasi nyingine iliyotaka jina lako likae karibu na la Shadhili. Siku ya ndoa ilikwishawekwa. Ukaikataa, ukaenda kusoma hesabu. Sikukulaumu, hata yeye hakukulaumu. Lakini unaniletea ya pili, na safari hii unataka mimi ndiye niandike.

Kula vizuri. Umeandika kama karani.

Shangazi yako,
Dahiba


Abdin, Kairo
10 Januari 1994

Shangazi yangu,

Nakusalimu na kukuombea afya. Mama anasema yeye si njiwa, na wewe ukitaka kuona njiwa jitazame. Dahiba mdogo amefungwa uzi mwekundu, analia vilevile.

Kuhusu karatasi, nimekusikia. Kuhusu hilo jingine, nimekusikia pia.

Naomba nikueleze yaliyotokea ofisini, maana hapa sina wa kumweleza. Kwanza, babake Hani alikuja. Anaitwa Mzee Wasif, alikuwa mtu wa simu za reli, anakaa Shubra na hana mke wala mtoto mwingine. Alivaa suti nyeusi na tai. Akatoa kwenye mfuko wa karatasi wa duka la dawa risiti za mwanawe, za mafuta ya mashua, barafu na mkate, zilizokuwa mfukoni mwa suruali aliyookotwa nayo. Zilikuwa zimekaushwa vizuri kwa pasi. Hani alichukua masurufu ya safari na hakuwahi kuyatolea hesabu.

Nikamwambia, "Ami Wasif, hilo tulishalifunga."

"Mmelifunga nyinyi," akasema. "Mimi sijalifunga. Mwanangu hakufa na deni la watu."

Ikabidi Suad, anayeandika hati za malipo, akae naye akizisoma risiti zile moja moja, nyingine wino umekuwa wingu tu. Kilichobaki akakilipa palepale, akadai stakabadhi, akaikunja. Kisha akaniuliza kama nahodha amepatikana. Nikasema hajapatikana. Akasema, "Binti yangu, fedha yenu siitaki. Yule ndiye aliyekuwa naye mwisho. Nataka mtu aniambie mwanangu alisema nini." Alisema atakuja kuuliza kila mwisho wa mwezi, nami namwamini. Hakujua kwamba nahodha ni binamu yangu. Sikumwambia.

La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Fathi karudi kutoka kulipa mishahara ya Desemba uso kama jivu. Akafunga mlango wa ofisi yangu.

"Madam Nabra, nimeita jina la Shadhili, na kuna mtu kaitika."

"Kaitika nani?"

"Ningejua ningekuja kukwambia? Kasema 'Naam!' Nyuma ya banda la samaki. Nikangoja, hakuja mtu. Nikawauliza manahodha, wote wakawa wanatazama vidole vya miguu. Mmoja akaniambia, 'Upepo huo, ustadhi, endelea.' Upepo gani unasema naam?"

Nikamwambia amechoka na safari. Lakini Suad alikuwa amesikia kupitia ukuta, na sasa asubuhi anafungua redio ya Kurani na kuiweka juu ya sefu. Kijana wetu wa mahesabu ya benki ameomba meza yake ihamishwe upande wa dirishani. Idara ya watu wanne, Shangazi, na watatu hawataki kuigusa bahasha moja. Naigusa mimi.

Fathi hajui kwamba pale mashua ilipopindukia, chini yake ni Dessi. Paa za nyumba zetu ziko humo. Hilo pia sikumwambia.

Nabra


Nasr an-Nuba
2 Februari 1994

Nabra,

Wazima. Ukuta umezibwa. Mbuzi kazaa, mmoja kafa.

Nitumie dawa ya kikohozi, ile kali ya mtu mzima, na sweta la sufi, la kiume, kubwa. Baridi ya mwaka huu haichagui. Na sukari kama ipo, Ramadhani inakuja.

Kuhusu jina, acheni liitwe. Jina haliombi chakula. Na huyo Fathi wako mwambie apunguze midomo.

Huyo mzee wa Shubra mpeni chai kila akija. Msimwache asimame.

Dahiba


Abdin, Kairo
1 Machi 1994

Shangazi,

Ramadhani njema, na Mungu akupe nguvu ya kuimaliza. Natumaini kifurushi kimefika: dawa chupa mbili, sweta la kijivu, na sukari. Mama amekutumia na aprikoti zilizokaushwa.

Huku kazini mambo yamebana. Wafadhili wanatuma wakaguzi wa hesabu mwezi wa Mei. Mkurugenzi kaniita akaniambia, "Bi Nabra, mtu ama yu hai ama kafa. Mimi siwezi kuwapelekea wafadhili mzimu." Nikamjibu kwamba mimi siwezi kumfuta mtu bila hati. Akasema basi nitafute hati.

Januari Fathi aliitikiwa tena. Februari pia, na safari hii, anasema, karibu zaidi, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa banda. Alirudi na homa. Kaniwekea mkoba mezani akasema, "Madam, nina watoto. Nifukuze, lakini kule sirudi." Sikumfukuza. Nimekuwa mkuu wa idara hii miaka saba, na kila mtu wangu namjua akidanganya anavyokaa. Fathi hadanganyi. Mwisho wa Machi nitakwenda mwenyewe.

Mzee Wasif amekuja mara mbili. Anakunywa chai yake, anauliza, anaambiwa hakuna jipya, anashukuru. Juzi alipokuwa akishuka ngazi nilimsikia akihesabu kwa sauti, vidato, kama anayeogopa kusahau njia.

Shangazi, barua yako ya mwisho haina chozi hata moja. Ya Desemba ilikuwa imelowa, wino umetanda. Hii kavu. Nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Kikohozi ni cha nani?

Nabra


Abdin, Kairo
5 Aprili 1994

Shangazi,

Idi imepita na hukunijibu. Mama anasema labda posta. Mimi najua posta haina kosa.

Nilikwenda. Nilishuka Aswan asubuhi, dereva wa taasisi akanipeleka kituoni. Tangu tulipohamishwa sikuwahi kuliona lile ziwa kwa karibu. Maji yametulia kama kitu kinachosikiliza. Manahodha walikuja kunisalimia kwa lugha yetu, wakaniuliza habari za baba aliyekufa na za mama, wakaniletea kiti. Wote wapole mno. Watu wakiwa wapole namna ile ujue kuna kitu nyuma yao.

Nikaweka mkoba mezani, uani, jua kali. Nikaanza kuita. Mtu anakuja, anaweka dole gumba au anaandika jina, anachukua bahasha. Nilipofika kwake nikanywa maji. Kisha nikaita: "Shadhili Muhammad Gorti!"

"Naam!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa upepo, kwa mzaha wa mabaharia, hata kwa jini. Sikuwa nimejiandaa kwa sauti yake. Ninaijua sauti ile tangu tukifukuzana kwenye mchanga wa Dessi. Lile "naam" lake huvunjika katikati, kama mtu aliyeitwa akiwa anatafuna. Ilitoka kwenye banda la samaki, na mlango ulikuwa wazi, giza tupu ndani. Hatua kumi zingenifikisha.

Sikwenda. Nikatazama manahodha, wao wakatazama maji. Nikaita jina lililofuata.

Usiku ule nililala Aswan kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi nikapanda treni. Mpaka leo, mtu akiita jina lolote ofisini, nasubiri ile sauti ivunjike. Suad ananiuliza, "Madam, nawe umesikia?" Namwambia hapana. Redio sijaizima.

Tangu lini, Shangazi? Mimi nimekaa na mzee anayekunywa chai kila mwisho wa mwezi na kunishukuru kwa kumwambia hakuna jipya. Nijibu safari hii, au nitakuja kukaa mlangoni kwako mpaka useme.

Nabra


Nasr an-Nuba
13 Aprili 1994

Nabra mwanangu,

Punguza ukali, mlango wangu una ufa wa kutosha.

Nakujibu. Alikuja katikati ya Desemba, alfajiri, nikiwa natia udhu. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya zizi. Nikajua kabla sijageuka. Mama anajua kikohozi. Nilimshika uso nikasema, "Wewe mtu au nini?" Akasema, "Sijui, yumma, mama yangu." Nabra, alikuwa na ndevu, miguu imepasuka, na hakutaka kukaa kwenye kiti. Nikamlisha uji wa mtama kwa kijiko. Alikaa siku chache, kabla jirani hawajaamka anajifungia, kisha akarudi kwa wavuvi wa horini wanaomficha. Tangu hapo huja na kwenda. Lile sweta analo.

Mimi sikukudanganya. Pitia barua zangu. Nilikataa kutia sahihi kwanza kwa sababu sikujua, baadaye kwa sababu nilijua. Ya katikati sikuyasema. Ningekwambia wewe, ungekuwa na mambo mawili mkononi, mimi na kazi yako, na nakujua ungechagua nini. Ulishachagua mara moja.

Unataka kujua kwa nini anaitika. Nilimuuliza hilo, nikampiga na kofi. Nikasema, "Mjinga wewe, umejificha halafu unaitika?" Akasema huenda siku ya mshahara kusikia kama bado anaitwa. Akisikia jina lake, mdomo unajibu wenyewe, halafu anaogopa. Miezi yote hiyo hajaingia majini. Hata kuoga anataka nimmwagie kwa kopo, na maji yakifika shingoni ananishika mkono.

Yaliyotokea kwenye mashua ameniambia. Sikuandikii. Mwenye haki ya kuyasikia si mimi wala wewe. Nimekaa na hilo tangu Desemba nikijua kuna baba wa mtu Shubra, na kila barua yako ikija na habari zake nilikuwa naiweka chini ya mtungi, siifungui mpaka jioni. Mimi niliyerudishiwa wangu nimemnyima yeye neno moja. Sasa limefika kwako. Wewe ndiye mkubwa huko, fanya unaloona. Sitakulaani.

Dahiba


Abdin, Kairo
4 Mei 1994

Shangazi,

Najua Shadhili yuko kwako na najua mengine amekueleza, lakini yangu niliyoyaona acha nikuandikie, kwa mpangilio, maana kichwani hayana mpangilio.

Nilipopata barua yako nilikwenda Shubra. Mzee Wasif alinifungulia akiwa na aproni, anapika maharage bila mafuta, ni mfungo wao Wakristo. Nikamwambia ukweli wote nilioujua, pamoja na kwamba nahodha ni damu yangu. Hakunifukuza. Alizima jiko. Akauliza, "Unakwenda lini kulipa?"

Tukapanda treni pamoja. Njia nzima kila kituo alinitajia jina lake kabla hatujafika.

Kituoni nilimpa kiti kando yangu. Nikaita majina. Nilipofika kwa Shadhili, sauti ilikuja kama kawaida. Mzee akasimama. Akasema kuelekea lile banda, "Mimi ni babake Hani. Nimetoka mbali, mwanangu. Toka."

Kisha Shadhili akatoka, na lile sweta la kijivu mwilini kwenye joto lote lile. Amekonda, Shangazi. Macho yake yalinipita kama hanijui, yakaenda kwa mzee.

"Ulikuwa naye?" mzee akauliza.

"Nilikuwa naye."

"Alisema nini?"

Shadhili akakaa chini kwenye mchanga. Alisema upepo wa kaskazini uliwashukia ghafla, mashua ikalala ubavu. Hani hakujua kuogelea. Alimdaka shingoni kwa nyuma, na wote wawili wakawa wanashuka. "Alikuwa akisema, usiniachie, nahodha, usiniachie. Mimi sikumwachia, ami. Nilimfanya yeye aniachie. Nilimtoa vidole. Kimoja kimoja."

Nahodha mmoja alianza kulia kwa sauti. Mzee Wasif alibaki amesimama, kisha akageuka, akaenda akaketi kwenye gati mgongo umetugeukia, mpaka jua likazama. Nilimpelekea mkate, hakuugusa. Sikumfuata tena. Na Shadhili hakuondoka pale mchangani. Nilikaa naye kidogo. Alinuka samaki na dawa niliyomnunulia mimi.

Asubuhi, Ijumaa Kuu, siku ambayo watu wa mzee wanashinda kanisani, alikuja ameshavaa tai. Akamwambia Shadhili, "Nipeleke mahali penyewe." Shadhili akasema hawezi kuingia majini. Mzee akasema, "Hata mimi siwezi." Wakaondoka wawili tu. Walikaa huko mpaka alasiri. Waliporudi mikono ya mzee ilikuwa imekakamaa, Shadhili ndiye aliyemfunga vifungo vya koti. Sikuthubutu kuuliza yaliyotokea huko.

Kisha nikafanya lililokuwa langu. Nilimpeleka Shadhili mwenyewe kwa mwendesha mashtaka wa Aswan. Wameandika maelezo yake, wakamwachia kwa dhamana ya manahodha wenzake. Kairo nilimweleza mkurugenzi kila kitu. Akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu tarehe thelathini na moja Machi, niliposikia sauti. Akasema mkuu wa uhasibu anayejua jambo kama hilo na kukaa kimya mwezi mzima hawezi kuwasubiri wakaguzi ofisini. Ana haki. Nimesimamishwa mpaka watakapoamua. Funguo za sefu nimempa Suad. Fathi alinibebea kijisanduku changu mpaka mtaani.

Niko nyumbani na mama. Mchana ni mrefu. Wakati mwingine namwita Dahiba mdogo, na kabla hajageuka naogopa nani ataitika.

Shadhili amekwambia nini walichofanya huko majini?

Nabra


Nasr an-Nuba
19 Mei 1994

Nabra binti wa kaka yangu,

Idi njema kwako na kwa mama yako. Tumenunua kondoo mwembamba, wa saizi yetu. Umeniambia umesimamishwa kwa mstari mmoja kama mtu anayesema kapoteza kijiko. Mimi nimeelewa ulivyolipia. Kazi ile uliitafuta kwa gharama, najua gharama yenyewe, ilikaa humu nyumbani kwangu. Sasa basi, hatudaiani.

Shadhili amenisimulia juzi, nikimkanda mgongo, kwa sababu akinipa uso hawezi. Nakuandikia kama alivyosema, nisiongeze.

Walipofika pale mzee akamwambia azime mashine. Akauliza, "Alikushika vipi?" Shadhili akamwonyesha hewani. Mzee akasema, "Sijaona vizuri. Geuka." Akasogea nyuma yake, akamzungushia mikono shingoni.

"Hivi?"

"Alikaza zaidi."

Mzee akakaza. "Hivi?"

"Hivyo."

"Haya. Nitoe."

Mwanangu akainua mkono, akashika kidole cha kwanza cha yule mzee. Chembamba, anasema, kama kijiti. Akashindwa.

"Nitoe, Shadhili."

"Siwezi, ami."

"Siku ile uliweza."

"Siku ile niliweza."

Basi wakakaa hivyo. Mzee hakulegeza na Shadhili hakumtoa, mashua inazunguka yenyewe juu ya Dessi yetu. Anasema pumzi ya mzee ilikuwa sikioni mwake, na alisikia moyo wa mzee unampiga mgongoni, na kuna wakati hakujua ni mzee au ni yule kijana. Jua likapinda. Mwisho mzee alilegeza mwenyewe kwa sababu mikono ilimfa ganzi. Akasema, "Alikuwa mzito?" Shadhili akasema, "Mzito sana, ami." Mzee akasema, "Ndiyo. Tangu mdogo." Kisha wakarudi.

Hayo ndiyo yaliyokuwako. Usiniulize maana yake. Nimeyalalia siku kadhaa na bado mgongo wa mwanangu naukanda kwa woga, kama kuna mtu mwingine juu yake. Yeye anakula, analala kidogo. Jana aliingia mferejini mpaka magotini, akatoka mbio, akarudi tena.

Kesi inasikilizwa Aswan Alhamisi baada ya Idi. Mwanasheria anasema wanaweza kumfunga, wanaweza wasimfunge. Shadhili hataki kusikia habari ya wakili wa kumtetea kwa ujanja. Atasema alivyosema mchangani. Usije kwa ajili yangu, mimi nina watu. Ukija, njoo kwa ajili yako, na ujue utamsalimia nini, maana kaniuliza mara mbili kama utakuja na mara mbili nimesema sijui.

Mzee Wasif ameniandikia mwenyewe. Mwandiko wa mtu wa reli, umenyooka, maneno machache. Anasema atakuja kwa treni, na kwamba mahakamani kutakuwa na upande wa waliofiwa na upande wetu. Upande wake hana mtu wa kukaa naye. Anauliza kama kwenye benchi letu kuna nafasi.

Nimemjibu kuwa tutasogea.

Shangazi yako,
Dahiba